Ujumbe wa Upepo Uliochelewa Kufika Kagunga

Edita mwanangu,

Umekwenda Ujiji kumuaga bibi yako, na najua hatakuachia mpaka ule mara mbili, kwa hiyo nina muda. Nimefunga karakana mapema. Fundi wa mlango wa pili ameniuliza kama naumwa, nikamwambia hapana, namwandikia Edita barua. Akacheka. Akasema mtoto mwenyewe bado yuko mjini. Ni kweli, lakini kuna jambo nimekaa nalo wiki tatu, na kila tukiwa mezani nikisema sasa nimwambie, naishia kukuuliza kama umeshapiga pasi nguo zako.

Mambo ya safari sitayaandika. Blanketi, chakula cha kwenye treni, nani umpigie ukifika Dodoma, yote umeshaambiwa na bibi na wajomba zako. Nataka kukueleza habari za Silvesta, na habari zangu mimi. Nitaeleza kwa mpangilio, hata yale unayoyajua, maana unayajua kwa upande wako tu.

Mimi na Silvesta tulisoma ufundi wa redio darasa moja. Nilikuwa msichana peke yangu. Siku ya kwanza hakuna aliyetaka kukaa na mimi meza moja, wakidhani nitawaunguzia vifaa. Silvesta alisogeza vitu vyake, akasema, "Kaa hapa, dada. Ukiunguza tutaungua wote." Tukawa marafiki tangu siku hiyo. Wewe ulipobatizwa, ni yeye aliyekushika. Baba yako alipofariki, Silvesta alishuka kutoka kijijini kwao kwa boti akakaa nasi mpaka watu wote walipoondoka, na alipoona mimi siwezi kuongea, akawa anaongea na wageni kwa niaba yangu. Nakuandikia haya ili ujue nilikuwa namtazama mtu gani.

Kisha ikaja roboti. Wale watafiti waliokuwa wakipima maji ya ziwa walipomaliza kazi yao walituachia kile chombo chao, mapipa mawili ya bluu yaliyofungwa pamoja, paneli ya sola juu, mota ndogo nyuma, na vipimo vyake vya upepo, mawimbi na samaki waliopo chini. Wewe ndiye uliyekiita Bata. Kilikuwa kinakwenda chenyewe majini kila alasiri, kinapima, kinaandika ujumbe. Tatizo lilikuwa kuufikisha ujumbe huo kwa watu. Unaijua ile milima yetu ya kaskazini, inashuka moja kwa moja ziwani, simu hazishiki. Ndipo mimi na Silvesta tukafunga visanduku vitano, kila kimoja na kompyuta ndogo, betri na antena, kuanzia hapa Kigoma mpaka Kagunga karibu na mpaka wa Burundi. Kimoja kinapokea kutoka kwa mwenzake, kinampa mwingine. Kimoja kikizimika, ujumbe unatafuta njia nyingine, ila ule unaotoka kwa Bata lazima uanzie kwenye kisanduku cha Silvesta, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na maji anayopima.

Wavuvi walipokubali kuutumia mtandao ule walitupa sharti moja. Bukuru wa Kagunga ndiye aliyelisema, amesimama na pacha wake Butoyi, nakumbuka mmoja akianza sentensi na mwingine akiimalizia. Walisema hawataki watu wa kijiji kimoja wajue samaki walipo kabla ya wengine. Wote wapate kwa wakati mmoja, au asipate mtu. Tukaahidi. Ndiyo maana kila ujumbe ulifungwa kwa ufunguo wa siri. Kisanduku cha katikati kinaupokea na kuupitisha bila kuweza kuusoma, na unafunguka tu kwenye skrini za vijiji vyote, pamoja. Nilijivunia kitu kile kuliko kitu chochote nilichowahi kufunga kwa mikono yangu.

Kosa langu la kwanza nililifanya nikiwa nimelala hospitalini, siku zile za upasuaji. Silvesta alikuja kuniona. Akaleta machungwa. Akaniuliza, "Mama Edita, Bata akiharibika na wewe uko kitandani, mimi nitafanyaje bila ufunguo?" Nikampa. Nilimwandikia kwenye karatasi ya dawa. Nilipopona hakulitaja tena jambo hilo na mimi sikubadilisha ufunguo. Wewe uliniambia. Ulisema, "Mama, badilisha, ndivyo inavyotakiwa, si kwa ubaya." Nikakujibu kwamba huyo ni baba yako wa ubatizo, na kwamba katika nyumba hii hatufungiani milango. Nilijiona nimesema neno la maana sana.

Halafu ukamaliza kidato cha sita, ukaanza kukaa na mimi karakana. Ile skrini ya Kagunga ilikuwa inaonyesha namba tupu, na wazee wengi walikuwa wanamwita mtu awasomee. Ni wewe uliyeandika programu ya rangi: kijani nenda, njano angalia, nyekundu kaa nyumbani. Siku tuliyoiweka, Bukuru aliitazama skrini muda mrefu, akakusogelea na kukupa mkono kwa mikono yake miwili. Kuanzia hapo kila akikuona gatini Kibirizi alikuwa anapaza sauti kukusalimia kwa Kiha, "Mwakeye, mwalimu!" na wewe unaona haya.

Wiki hiyohiyo ukaniambia kuna kitu hakiko sawa. Ulikaa na kompyuta yako mapajani, ukasema ndani ya kila ujumbe Bata anaandika saa aliyouandika, na kompyuta yetu inaandika saa iliyoupokea, na kati ya nyakati hizo mbili kuna pengo la saa nzima. "Ujumbe wa kupita visanduku vitano hauchukui hata dakika moja, Mama. Huu umekaa mahali." Nikasema ni antena. Ukasema antena mbaya inapoteza ujumbe, haiukalishi dakika sitini kamili kila siku. Nikasema nitaangalia. Sikuangalia. Nadhani nilijua ni kisanduku gani ningelazimika kukifungua.

Sasa niseme ya siku ile. Bata alipima upepo wa kusini unapanda, akaandika ujumbe wake saa tisa alasiri. Kagunga skrini ilikuwa kijani. Bukuru, Butoyi na mwenzao mmoja wakatoka na mtumbwi. Skrini iligeuka nyekundu saa kumi, wakati wao wako mbali, na watu waliobaki ufukweni walipiga mayowe mpaka sauti zikakauka. Mtumbwi ulipinduka. Butoyi na yule mwenzao waliokolewa wameng'ang'ania dumu. Bukuru hakuonekana mpaka kesho yake.

Tulikwenda msibani wote watatu, mimi, wewe na Silvesta, boti moja. Njiani wewe ulilia na Silvesta alikushika bega. Nikikumbuka mkono ule begani kwako natamani kupiga kelele.

Baada ya maziko wazee wakatuita. Butoyi alikuwa amekaa chini, macho yamemvimba. Hakugomba. Aliuliza tu, "Ule ujumbe ulikuwa wapi?" Mimi nilikuwa bado natafuta neno, na Silvesta akasimama. Akasema kwa upole, ule upole wake wa kuongea na wageni wangu msibani, kwamba ni jambo la kusikitisha, lakini programu ilibadilishwa wiki mbili kabla, na aliyebadilisha ni kijana, anajifunza, hana nia mbaya. Watu wote wakakugeukia.

Ukaniangalia mimi. Ukasema, "Mama, waambie. Waambie kuhusu yale masaa."

Na mimi nikasema, "Ni kweli, binti yangu aliigusa programu. Naomba radhi kwa niaba yake." Nikachukua kompyuta yako mbele yao, nikakufuta kwenye mtandao, nikawaonyesha kwamba nimekufuta. Kuna mama mmoja aliguna. Sijui alimgunia nani.

Tuliporudi hukuniambia kitu. Ulisalimia, ulipika, ulifua. Fomu za chuo zilipokuja ulijaza ualimu wa jiografia, na kompyuta, ambayo ulikuwa umeisema tangu kidato cha pili, hukuiandika hata nafasi ya tatu. Nikajiambia ni majonzi, yatapita. Nilijiambia pia kwamba nilikulinda, kwamba kosa la mtoto linasameheka upesi. Nilikuwa na maneno mengi ya namna hiyo.

Haya uliyoyasoma mpaka hapa, mengi unayajua. Yanayofuata huyajui.

Wiki tatu zilizopita mke wa Silvesta alinitumia kisanduku chao kwa boti. Kilikuwa kimemwagikiwa maji, na Silvesta alikuwa amekwenda kwenye msiba Kasulu, kwa hiyo yule mama akafanya alichoona ni cha busara, akamtumia fundi. Nilikikausha, nikakiwasha nione kama kinafanya kazi. Nikaona programu isiyo yangu wala yako. Ilikuwa fupi, mistari michache tu. Ilikuwa inatumia ule ufunguo niliouandika kwenye karatasi ya dawa. Inafungua ujumbe wa Bata, inauonyesha hapohapo kwenye skrini ya Silvesta, kisha inaushikilia dakika sitini ndipo inaupitisha kwa wengine. Na kwa mwandiko wake wa kazi ningemtambua hata bila jina. Tangu darasani alikuwa na tabia ya kuandika maelezo kwa Kiswahili kizuri juu ya kila mstari. Juu ya ule aliandika: "Subiri saa moja, kisha wape."

Nilikaa chini sakafuni, Edita. Mteja aliingia akiwa na redio yake, akanikuta nimekaa pale, akatoka bila kuuliza.

Niliposikia amerudi kutoka Kasulu nilipanda boti kumfuata. Nilimkuta anapaka rangi mtumbwi wa shemeji yake. Alifurahi kuniona. Alimwita mkewe alete kiti. Nikamwambia sikai, nikamwonyesha karatasi niliyoandika ile mistari yake. Aliisoma, akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Mashemeji zangu walikuwa na hali mbaya," akasema. "Nikawaza watangulie kidogo. Saa moja tu, Mama Edita. Samaki ni wengi."

"Na upepo?"

"Sikuwaza upepo. Nakuapia. Nilishika ujumbe wote kwa pamoja, niliwaza samaki tu. Siku ile nilikuwa nimekwenda shambani, skrini ilikuwa peke yake."

"Na Edita?"

Hapo alikikunja kile kitambaa. Kisha akasema kitu ambacho nakinukuu kwako kama alivyokisema, kwa sababu sitaki nikibebe peke yangu. Alisema, "Edita ni mtoto. Mtoto husahauliwa. Mimi wangenifukuza hapa na wanangu. Na wewe, nilijua hutamwacha mwanao, kwa hiyo nikaona hakuna atakayeumia sana."

Nilimuuliza kama alipokushika bega tukienda msibani kwa Bukuru alikuwa anajua. Akasema alijua tangu alipoiona skrini jioni ile. Mke wake alikuwa amesimama na kiti mikononi, hajakiweka chini.

Nimejaribu kumchukia moja kwa moja na siwezi, na hilo linaniudhi kuliko yote. Nikifungua redio yenye hitilafu ngeni, mkono unataka kumpigia yeye. Miaka yote ile siwezi kuitenganisha, hii ya kweli na hii ya uongo. Aliponipisha mezani alikuwa mtu mwema. Naamini hivyo. Sijui mtu mwema alitoka lini na huyu mwingine akaingia lini, na mimi nilikuwa wapi nisione. Hiyo ndiyo sehemu ya kusalitiwa ambayo sikuijua zamani: mtu anaharibu mpaka yale yaliyokwisha kupita.

Lakini sikukaa kuandika ili nimlalamikie Silvesta. Nimejiuliza kwa nini nilimwamini yeye nikakukataa wewe. Ushahidi ulikuwa nao wewe. Ulikuwa kwenye kompyuta, namba kwa namba. Yeye alikuwa na sauti ya upole tu. Nimezunguka na swali hilo, na jibu nililolipata si zuri. Kumtilia shaka Silvesta kungenigharimu rafiki. Kukutilia shaka wewe, nilidhani, hakutanigharimu kitu, kwa kuwa kesho yake utaamka ndani ya nyumba hii na utaniita Mama. Nilikutoa wewe kwa sababu nilikuwa na uhakika huwezi kuniacha. Na ukiangalia vizuri, hesabu yangu ilikuwa sawasawa na ya Silvesta. Yeye aliisema tu kwa mdomo.

Kwa hiyo usimsikilize mtu akikuambia eti mama yako alidanganywa. Nilidanganywa, ndiyo. Na ndani ya kudanganywa huko nilichagua.

Kuna siku nilitaka kukuandikia kwamba usimwamini mtu, kila mtu abaki na ufunguo wake. Nimeliacha. Nimeona watu wanaoishi hivyo na sitaki uwe mmoja wao. Hata mtandao wetu usingefika popote kama hakuna aliyekubali ujumbe wake upite nyumbani kwa mwingine. Ninachoweza kukuambia ni kidogo. Mtu unayempenda akikuomba uangalie jambo, liangalie. Hata kama hutaki kujua. Mimi ningeangalia dakika tano tu ile alasiri uliyokaa na kompyuta mapajani, Bukuru angekuwa anakuita mwalimu mpaka leo.

Jumanne nilikwenda Kagunga. Nilikuaga kwamba nakwenda kutengeneza redio ya boti, nikakudanganya, nisamehe na hilo. Niliwaomba wazee wakae, Butoyi akaja, mjane wa Bukuru akaja na kukaa nyuma. Niliwaeleza yote niliyokuandikia hapa. Ufunguo wa hospitalini, mapengo uliyoyaona, kisanduku, karatasi. Niliwaambia mtandao nimeuzima mpaka wao waseme kama wanautaka tena na nani aushike. Mambo ya Silvesta wamesema ni yao na wazee wa kijiji chake, watakutana, na mimi nitaitwa.

Nilidhani nimemaliza. Butoyi akauliza, "Binti yuko wapi?"

Nikasema yuko Kigoma, anajiandaa na safari.

Akasema, "Siku ile ulimleta hapa ukamwangusha mbele yetu akiwa amesimama. Leo unamwinua akiwa hayupo?"

Mjane wa Bukuru alisema kwa sauti ya chini kwamba na yeye alikuwa amekutaja kwa ubaya katika maombi yake, siku nyingi, na sasa hajui afanyeje na maombi yale. Wakashauriana wenyewe kwa Kiha. Kisha Butoyi akaniambia kwamba atashuka na boti ya asubuhi siku ya safari yako, yeye na yule mama. Watakuwa stesheni kabla treni haijaondoka.

Ndiyo sababu ya barua hii. Nisingetaka ufike kesho uwakute pale bila kujua wamefuata nini. Kuwaona au kutowaona ni juu yako, na kama hutaki, niambie asubuhi, nitakwenda Kibirizi kuwapokea na kuwaeleza, na hakuna atakayekulaumu. Ukikubali, sitakuomba useme neno. Mimi ndiye nitakayesema, mbele yao na mbele ya wajomba zako na yeyote atakayekuwa amesimama na mizigo yake, kwa sauti ileile niliyotumia Kagunga.

Habari ya jiografia sitaigusa. Ni chuo chako. Na usinipe msamaha kwa sababu ya treni. Watu husema maneno mengi treni ikianza kupiga honi na baadaye wanajuta. Chukua muda wako. Ukikaa mwaka bila kunipigia nitaumia na nitakuelewa.

Nasikia bajaji imesimama nje, huenda ni wewe. Nitaiweka barua hii juu ya sanduku lako, usiisomee mbele yangu. Kesho nitakachosema ni kifupi, na ningependa ukisome wewe kwanza kabla hawajakisikia:

Mwanangu alisema kweli, na mimi mama yake nilimkatalia.

Mama